Kapu la Pasaka la plastiki la mwaka juzi ni rafiki wa mazingira kuliko kapu jipya la ukindu. Nipingeni

#1 Bwana Mizani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila Kwaresima ikielekea ukingoni naanza kuona picha zilezile: kapu la kusukwa, nyasi za karatasi, mayai ya mbao, sungura wa pamba, utepe wa katani, na juu yake maandishi "Pasaka ya kijani". Vyote vipya. Vingi vimesafiri kutoka mbali, kila kimoja ndani ya kifuko chake.

Hoja yangu ni hii, na mnipinge kwa hoja, siyo kwa hasira. Kapu la plastiki lililolala juu ya kabati tangu mwaka juzi, pamoja na yale mayai yake yanayofunguka katikati, lina madhara madogo kuliko hilo la ukindu ulilonunua jana. Plastiki ile imeshatengenezwa. Uchafuzi wake umeshatokea. Ukiitupa ili ununue "ya asili" umechafua mara mbili, halafu unapigwa picha ya kupongezwa.

Wazazi, ninyi mnaandaaje makapu ya watoto?

#2 Mama Pacha

Kwenye kapu na mayai nakuunga mkono. Kwenye zile nyasi za plastiki hapana, hata kama ulirithi kwa babu.

Zile ni nyuzi za polipropilini au polithini. Mitambo ya kurejeleza taka haizitaki kwa sababu zinajiviringisha kwenye mihimili ya mashine za kuchambulia, mpaka mashine izimwe mtu aingie na kisu. Nyumbani usiseme: unaziokota chini ya makochi mpaka Krismasi. Na mwenye paka ajihadhari zaidi. Paka anapenda kutafuna kitu kirefu chembamba, na kikiingia tumboni ncha moja ikanasa, utumbo unajikusanya kama kiuno cha kaptula kilichovutwa kamba. Hapo ni upasuaji.

Kwa hiyo si kila cha zamani kibaki.

#3 Chiriku

Chana magazeti, mama. Ya bure na yanaoza. Sherehe ikiisha unatupia kwenye pipa la karatasi za kurejelezwa. Uzi ufungwe 😂

#4 Bwana Mizani

Chiriku, uzi wangu haufungwi kwa gazeti.

#5 Karani Mstaafu

Chiriku, ushauri wako ni mzuri mpaka pale ulipofika kwenye pipa. Karatasi ikishachanwa vipande vyembamba, sehemu nyingi hawaipokei kwenye urejelezaji. Nyuzi zake zimeshakatwa fupi, na vipande vyenyewe vinapenya kwenye vichujio vya mtambo vinaishia kuchanganyika na vumbi la vioo. Ipelekwe kwenye mboji. Mabaki ya jikoni yana majimaji mengi, karatasi inayanyonya, mboji hainuki.

Usitie kurasa zinazong'aa wala risiti za dukani. Nyingi zimepakwa kemikali za jamii ya bisfenoli ili ziandikike kwa joto, na mtoto mdogo hakosi kutia mdomoni kilichomo kapuni.

Ukitaka nyasi zenye mawimbi, kunja karatasi mkunjo-mkunjo kama kipepeo cha mkono, kisha ikate kwa mkasi vipande vyembamba. Ikiachiwa inajinyanyua yenyewe.

#6 Fundi Randa

Mnahangaika na karatasi, na mafundi wa mbao wanatupa maranda kila jioni. Pita karakana yoyote uombe gunia. Maranda marefu ya mbao laini yanajikunja vizuri, yana harufu nzuri na hayagandi kwenye nguo.

Sharti moja: yawe ya mbao tupu. Ya plaiwudi, ya mbao zilizobandikwa kwa gundi au zilizotiwa dawa ya mchwa usiyalete karibu na mtoto, wala kwenye mboji. Ukiuliza fundi yeyote anajua rundo lipi ni lipi.

#7 Kobe

Ndugu zangu, kwani nyasi zenyewe zimekwisha duniani? 😄

Sisi tunapanda ngano kwenye kapu lenyewe. Loweka ngano usiku mmoja, isiyotiwa dawa ya mbegu. Asubuhi chuja, tandaza kwenye trei au bakuli lenye udongo kidogo, mbegu zigusane lakini zisipandane. Funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka zitoe mizizi, halafu weka dirishani. Ndani ya siku 8 hadi 10 una nyasi za kijani zenye urefu wa kidole cha mtu mzima, zimesimama wima, na mayai yanakaa juu yake vizuri kabisa. Watoto wanamwagilia wenyewe kila asubuhi, na kwa wanangu hiyo kazi ya kusubiri imezidi utamu wa chokoleti.

#8 Mama Pacha

Kobe, hii nimeipenda. Haioti ukungu? Na kapu la kusukwa halilowi?

#9 Kobe

Ukungu unakuja ukimwagilia sana au ukirundika mbegu. Nyunyizia tu. Ule utando mweupe kama pamba unaouona siku za mwanzo kwenye mizizi mara nyingi ni vinyweleo vya mizizi, siyo ukungu. Ukinyunyizia maji vinalala. Ukungu haulali, na unanuka.

Kapu halilowi kwa sababu udongo uko kwenye bakuli, bakuli ndilo limo kapuni. Na kwa mwenye paka (#2): hizi akizila hazina shida, paka wengi wanazipenda.

#10 Shangazi Mkali

Habari za humu. Nimesoma mpaka hapa nacheka. Mnabishana kapu liwe la nini, na mwanzoni hata kapu halikuwapo.

Habari ya sungura anayeleta mayai imetoka Ujerumani. Iliandikwa tangu 1682 na daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, aliyekuwa akionya watu kwamba wanaumwa matumbo kwa kula mayai mengi mno ya Pasaka. Wahamiaji wa Kijerumani wakaipeleka Pennsylvania karne ya 18. Huko watoto walikuwa wanatengeneza kiota kwa kofia zao, wavulana kofia, wasichana vilemba vyao, wanaficha pembeni ya nyumba au ghalani ili sungura aje atagie humo. Kapu la kununuliwa limekuja baadaye sana.

Kwa hiyo mleta mada, jibu lako ni kofia. Haigharimu kitu na inavaliwa mwaka mzima.

#11 Chiriku

Sungura anataga mayai. Daktari akaona tatizo ni wingi wa mayai 🤣

#12 Msomaji Kimya

Shangazi umenena. Niongezee: kule Australia huyo sungura wamemchoka. Thomas Austin aliwaachia sungura shambani kwake Victoria mwaka 1859 ili apate wa kuwinda, wakazaana mpaka wakala bara zima. Ndiyo maana wapo Waaustralia wanaotengeneza bilby wa Pasaka wa chokoleti badala ya sungura. Bilby ni mnyama wao wa asili mwenye masikio marefu, anayetishiwa kutoweka, na sungura ni miongoni mwa waliomwondoa kwenye makazi yake. Baadhi ya watengenezaji hutoa sehemu ya mauzo kwa kazi ya kumhifadhi.

#13 Bwana Mizani

Asante kwa historia, lakini turudi kwenye mizani. Hakuna aliyejibu hoja yangu. Denmark walifanya utafiti wa mifuko mwaka 2018, idara yao ya mazingira. Mfuko wa pamba wa kawaida unatakiwa utumike mara 7,100 ndiyo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki. Wa pamba ya kilimo hai mara 20,000! Sasa niambieni hivi vikapu vya kitambaa vyenye masikio ya sungura, mtoto atavitumia mara ngapi kabla hajafika chuo kikuu?

#14 Mdadisi wa Takwimu

Mkuu Mizani, namba ni za kweli ila umezikata shingo. Hiyo 7,100 inapatikana ukichukua vigezo vyote vya mazingira kwa pamoja na kushika kile kibaya kuliko vyote, ambacho kwa pamba kilikuwa athari kwenye tabaka la ozoni. Ukiangalia tabianchi peke yake, utafiti huohuo unatoa mara 52 kwa pamba ya kawaida na 149 kwa ya kilimo hai. Waingereza nao mwaka 2011 walipata mara 131 kwa tabianchi. Mbinu tofauti, majibu tofauti.

La pili, hiyo ni mifuko ya pamba. Pamba inakunywa maji na mbolea. Kapu la ukindu, matete au mianzi halijapimwa hapo, na huwezi kuchukua hesabu ya pamba ukalibandika.

La tatu, hata mimi nakubali kwamba kilichopo ndani ya nyumba kina haki ya kwanza. Ila mtu ambaye hana kapu kabisa anunue lipi? Swali hilo umelikwepa tangu #1.

#15 Bwana Mizani

Sijalikwepa. Asinunue. Achukue kapu la sokoni, sufuria, boksi la viatu, kofia ya Shangazi.

#16 Shangazi Mkali

Kofia yangu iache.

#17 Mkulima wa Jioni

Mimi naona wote mnapima ganda mkaacha yai. Kapu lina uzito gani? Chokoleti iliyomo ndani ndiyo mzigo. Kwenye chokoleti sehemu kubwa ya madhara iko kwenye kakao na maziwa, siyo kwenye karatasi iliyofungia. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka nchi mbili, Côte d'Ivoire na Ghana. Côte d'Ivoire imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake tangu uhuru wa 1960, na kakao ni kati ya sababu kuu. Watoto wenye umri wa hao wenu wa makapu wanabeba mapanga kwenye hayo mashamba.

Kwa hiyo mtu anayejaza kapu la zamani la plastiki chokoleti kilo mbili, na anayejaza kapu la ukindu chokoleti kilo mbili, kwangu wamefungana. Punguza chokoleti, nunua kidogo iliyo nzuri. Baada ya hapo ndiyo tuongee nyasi.

#18 Mama Pacha

Iliyo nzuri unaijuaje? Kila pakiti ina jani la kijani siku hizi.

#19 Mkulima wa Jioni

Jani la kijani lililochorwa tu si nembo, ni pambo. Tafuta nembo yenye mkaguzi nyuma yake: Fairtrade, Rainforest Alliance, au ya kilimo hai. Hazilingani. Fairtrade ina bei ya chini ambayo mkulima hauziwi chini yake, pamoja na nyongeza kwa ushirika. Chimbuko lake ni Uholanzi mwaka 1988, ilianza na kahawa. Rainforest Alliance imeegemea zaidi namna shamba linavyoendeshwa na kivuli cha miti. Umoja wa Ulaya nao una sheria ya 2023 inayotaka kakao ijulikane ilikotoka hadi shambani, ila utekelezaji umekuwa ukiahirishwa.

#20 Karani Mstaafu

Na hizo nembo nazo zimewahi kukutwa na mashamba yenye watoto wakifanya kazi. Zinapunguza tatizo, hazilifuti. Nasema ili mtu asinunue nembo akalala usingizi.

#21 Mkulima wa Jioni

Kweli kabisa, Karani.

#22 Msomaji Kimya

Tukiwa kwenye chokoleti: yale mayai madogo yaliyofungwa kwa karatasi ya rangi yana jaribio rahisi. Ifinyange mkononi uiachie. Ikibaki bonge, ni alumini, na alumini inarejelezwa mara nyingi bila kuchoka. Kuirejeleza kunatumia karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya. Ikijifungua yenyewe, hiyo ni plastiki iliyopakwa ung'avu, haiendi popote.

Usitupe kipande kimoja kimoja, kinapotea mtamboni. Watoto wakusanye wote waufanye mpira mmoja wa ukubwa wa ngumi. Kwangu wanashindana nani ana mpira mkubwa, jambo ambalo Mkulima halitamfurahisha kwa sababu linachochea ulaji 😅

#23 Dada Utepe

Salaam wote. Kazi yangu ni kufunga zawadi, kwa hiyo naomba nitetee kitu kimoja: selofani. Watu wanaisema plastiki. Selofani ya kweli inatokana na mti, ni selulosi. Aliyeivumbua ni Mswisi, Jacques Brandenberger, akaipatia hataza mwaka 1912. Inaoza. Kapu likifungwa selofani na utepe wa katani huna dhambi.

#24 Fundi Randa

Dada Utepe, inayouzwa kwa jina la selofani leo, nyingi ni polipropilini. Choma kipande kidogo nje ya nyumba: selofani ya kweli inaungua kama karatasi na kunuka karatasi. Ile nyingine inayeyuka na kudondoka matone.

#25 Mdadisi wa Takwimu

Na hata ile ya kweli, nyingi imepakwa tabaka la kuzuia unyevu, hiyo teknolojia ipo tangu miaka ya 1920. Iliyopakwa inachelewa sana kuoza. Kwa hiyo "inaoza" ni neno linalohitaji kuulizwa: wapi, kwa muda gani, katika joto gani?

Hili linagusa pia mayai ya "plastiki ya mimea" yaliyojaa siku hizi. Mengi ni PLA, inayotokana na wanga wa mahindi au miwa. Inavunjika kwenye mitambo ya mboji yenye joto la kukaribia nyuzi 60. Kwenye pipa lako la nyuma ya nyumba, au likiangukia mtaroni, litakuwa zima Pasaka ijayo. Na likichanganywa na plastiki za kawaida kwenye urejelezaji linaharibu mchanganyiko.

#26 Dada Utepe

Sawa, nimewasikia. Basi kapu lisifungwe kabisa? Litaonekana kama la kwenda sokoni.

#27 Shangazi Mkali

Poland wanabeba makapu kanisani Jumamosi Kuu yakabarikiwe, mayai, mkate na chumvi ndani, juu wametandika kitambaa cheupe cha kitani chenye tarizi. Kapu lilelile na kitambaa kilekile kila mwaka, kinafuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyewahi kusema linaonekana la sokoni.

#28 Dada Utepe

Shangazi, nakuja kuchukua kitambaa kwako 🙏

#29 Mpishi Msiri

Naona mayai yenyewe, ya kuku, hakuna anayeyataja! Yai halisi lina ganda lake, linaliwa, na ganda linarudi kwenye mboji. Rangi ziko jikoni. Maganda makavu ya vitunguu: wekundu wa kahawia, ndiyo rangi isiyokukatisha tamaa. Bizari ya manjano: njano kali. Kabichi ya zambarau: bluu. Bitiruti: waridi hafifu, usitegemee sana. Chemsha mmea nusu saa, chuja, tia siki kijiko kimoja au viwili kwa kikombe, zamisha mayai yaliyochemshwa, acha kwenye friji usiku kucha. Yakikauka yafute kwa tone la mafuta, yanang'aa.

Ukitaka urembo, bana jani dogo juu ya yai kwa kipande cha soksi nyembamba iliyochanika kabla ya kulizamisha. Jani linaacha alama yake nyeupe.

#30 Chiriku

Swali la kweli sasa, sitanii. Maji ya kabichi ni zambarau, ukitia siki yanakuwa ya waridi. Inakuwaje yai linatoka bluu?

#31 Karani Mstaafu

Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, ni la upande wa alikali. Rangi ya kabichi ni anthosiani, ambayo kwenye asidi huwa nyekundu na kwenye alikali huwa bluu. Inapogusa ganda inageuka.

#32 Mpishi Msiri

Karani, lakini siki si ipo hapohapo? Mimi naona ni hewa. Yai likitoka majini linaonekana zambarau, likikauka ndiyo linazidi kuwa bluu.

#33 Mdadisi wa Takwimu

Huenda wote mna kitu. Siki inapogusa ganda inatoa vipovu, yaani inaliwa na lile ganda, kwa hiyo pale juu kabisa ya ganda asidi inapungua. Na kukauka nako kunaondoa siki iliyobaki. Ila kwa nini wengine wanasema bila siki linatoka bluu hafifu zaidi, hapo kila mtu ana lake.

#34 Kobe

Kwangu tofauti kubwa ni yai lenyewe. Yai la ganda la kahawia kwenye kabichi linatoka kijani cha kiza. Na mayai ya manjano msiyaweke dirishani, jua linaifuta hiyo rangi upesi.

#35 Mama Pacha

Kumbukeni pia yai la kuchemsha si pambo la kuachwa bustanini toka asubuhi mpaka watoto waamke wamalize kutafuta. Mamlaka za chakula za Marekani zinasema lisizidi saa 2 nje ya friji, na kwenye friji liliwe ndani ya wiki 1. Ya kuficha muda mrefu yawe ya mbao, ya kadibodi, au hayohayo ya plastiki ya mleta mada. Wajerumani wana mayai ya kadibodi yanayofunguka katikati, yana picha nzuri, unayajaza upya kila mwaka. Nikimaliza na plastiki nitahamia huko.

#36 Bwana Mizani

"Nikimaliza na plastiki." Mmesikia? Mama Pacha ni wangu.

#37 Mama Pacha

Sijasema mimi ni wa nani 😂 Nakukubalia vinavyodumu tu. Yale mayai yenye vimetameta vya kubandua vidoleni hata yakiwa ya zamani siyataki. Ule unga ni plastiki ndogondogo, unaoshwa unaingia kwenye maji. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa vimetameta vya plastiki vya kumwaga tangu Oktoba 2023.

#38 Mwalimu wa Chekechea

Jamani, ndani ya kapu mnaweka nini zaidi ya mayai? Nauliza kwa sababu mimi nawaona watoto Jumanne baada ya sikukuu, wakija kusimulia. Hakuna anayesimulia kapu lilisukwa kwa nini. Wanasimulia kamba ya kuruka, chaki za kuchorea sakafuni, mbegu walizopanda, karatasi yenye mafumbo ya kutafutia yai linalofuata. Kuna mtoto mmoja alipewa kadi iliyoandikwa na babake kwa mkono, "hii ni tiketi ya kulala usiku mmoja kwenye hema nje". Aliitembeza darasani mpaka ikachanika.

Kinachojaa taka ni vile vikorokoro vya pakiti ya ishirini: filimbi, miwani, vinyoya. Vinavunjika kabla ya chakula cha mchana.

Tahadhari kwa wenye watoto chini ya miaka 3: kipimo cha viwanda vya vichezeo ni kopo lenye upana wa milimita 31.7. Kinachoingia humo kizima kinaweza kumpalia. Gololi, kokwa, mbegu kubwa na vile vijiyai vigumu vyote vinaingia. "Cha asili" hakimaanishi salama.

#39 Dada Utepe

Mwalimu asante. Mimi natia pia ua moja, yungiyungi jeupe la Pasaka kwenye chungu cha udongo. Baadaye linahamia bustanini, hakuna taka.

#40 Kobe

Dada, kwa nyumba isiyo na paka sawa. Yenye paka usithubutu. Yungiyungi lile lina sumu kwa paka kuanzia jani, ua, chavua mpaka maji ya chombo, na linaua figo. Ngano yangu ni salama zaidi 😉 Na mbwa asiachwe na chokoleti, ile theobromini yake mwili wa mbwa unashindwa kuiondoa haraka.

#41 Fundi Randa

Na wanaonunua sungura hai au vifaranga vya kupakwa rangi kwa ajili ya picha ya Pasaka? Sungura anaishi miaka 8 hadi 12. Hiyo zawadi inamkuta mtoto akiwa na ndevu.

#42 Chiriku

Fundi 🤣🤣

#43 Mkulima wa Jioni

Mwalimu (#38) amenigusa kwenye mbegu, ila hata hapo tuangalie. Zile pakiti za "maua ya porini mchanganyiko" na karatasi zilizopandwa mbegu huwa na mimea ya kutoka mbali. Ukitupa hovyo unaweza kuleta gugu. Sungura wa Austin (#12) naye aliletwa kwa nia njema. Mpe mtoto mbegu ya kitu kinachojulikana, anachoweza kula mwenyewe.

#44 Mdadisi wa Takwimu

Bado nasubiri jibu la #14. "Asinunue" si jibu kwa mama anayeanza na mtoto wa kwanza, nyumba haina hata boksi la viatu. Mimi ningemwambia: kapu la kusukwa imara, la saizi ya kubebea vitu vya kila siku, lisilo na sungura wala neno Pasaka juu yake. Likifanya kazi wiki 51 nyingine, hesabu zote za Denmark zinakaa upande wake.

#45 Bwana Mizani

Hapo umeniwekea mtego. Lisilo na sungura juu yake, sawa. Lakini atanunua lenye sungura, wote tunajua.

#46 Mwalimu wa Chekechea

Atanunua lenye sungura kwa sababu mtoto yuko naye dukani. Aende peke yake.

#47 Mama Pacha

Mtoto wangu mkubwa mwaka jana aliniuliza mbona kapu lake ni lilelile. Mdogo akamjibu, "Sungura atalijuaje kama lako likibadilika?" Tangu hapo hakuna mjadala kwangu. Sijui kwa watakaokua.

#48 Shangazi Mkali

Mdogo huyo mleteni humu, atawashinda wote.

#49 Chiriku

Mimi nina swali la mwisho kwa Fundi. Mayai ya plastiki ya kufungua katikati, ile bawaba yake imekatika kwa mengi. Gundi haikai. Kuna dawa, au ndiyo yanakwenda?

#50 Fundi Randa

Gundi haikai kwa sababu polithini haishikiki na gundi za kawaida. Toboa tundu dogo kila upande kwa sindano ya moto, pitisha uzi wa katani, funga fundo ndani. Acha ulegevu kidogo ili nusu mbili zikutane. Yale yaliyopasuka kabisa, nusu ya chini itoboe kitako uoteshee miche.